Nyumba ya Darmi Haichezewi Kamari

Mlinzi alinyoosha mkono akamzuia Sabdio kuingia mahali ambapo nyumba yake mwenyewe ilikuwa imesimama.

"Rudi nyuma, mama. Hapa ni hoteli."

"Najua ni hoteli. Nyumba yangu imo ndani."

Mlinzi alimtazama kuanzia mtandio hadi kandambili zilizojaa vumbi la lori, akacheka. "Humu hata chumba cha usiku mmoja hukiwezi. Nyumba utaitoa wapi?"

"Bwana askari," alisema Buya, Mpokomo mchonga mitumbwi kutoka Kau, aliyesimama nyuma ya Sabdio akiwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu, "punguza mdomo. Ng'ombe huyu akikusikia atadhani unaomba majani."

Mlinzi hakuufurahia utani ule. Aligeuka akaonyesha kibao kilichotundikwa ukutani, akawasomea kwa sauti kana kwamba anasoma hukumu: mgeni wa ukumbi wa kamari avae kinadhifu, na mavazi ya kienyeji hayaruhusiwi. Alipokuwa akisoma, kijana mmoja alipita nyuma yake akiwa amebeba sinia la vinywaji. Alikuwa amevikwa shuka ya mchungaji, akaning'inizwa shanga shingoni, na fimbo ya kuchungia ameibana kwapani isimwangushie glasi.

"Na yule je?" Sabdio aliuliza.

"Yule ni mfanyakazi. Amevalia utamaduni."

"Na mimi nimevaa nini?"

Mlinzi alikitazama tena kibao. Swali lile halikuwa na jibu kibaoni. Tangu siku ile hakuna mtu wa hoteli ile aliyelijibu, ingawa wameulizwa mara nyingi na kwa heshima zaidi ya waliyostahili.

Sabdio ni mwanamke wa Kiorma, mwenyeji wa Minjila, karibu na Garsen. Hakusoma sana, wala hajawahi kuwa mtu wa kugombana. Alizaliwa katika jamii ya wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka bonde hadi bonde kufuata majani. Alipokuwa mtoto alijifunza kukata fito zinazopindika bila kuvunjika, kuchana miyaa, majani ya mti wa mkoma, kuisuka ikawa mikeka, na kuifunga mikeka juu ya fito hadi nyumba ikasimama mviringo kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba.

Katika ukoo wao nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana zizi, ana malisho, ana neno lake barazani. Lakini akishainama kupita mlango ule mfupi, amejua yumo katika milki ya nani. Msichana huolewa akiwa na mikeka yake, na mikeka hiyo husukwa na mama yake kidogo kidogo kwa miaka, kati ya kukamua na kuteka maji. Siku ya harusi mama ndiye hufunga fundo la kwanza, na mama wa bwana harusi hushika fito upande wa pili, wakatazamana. Kisha hukaangwa buna, yaani kahawa mbichi na maganda yake ndani ya samli, wazee wakaomba dua, na nyumba ikawa nyumba. Wakihama, aliyeifunga ndiye huifungua. Haiachwi ikisimama bila mwenyewe, na haiuzwi. Akina Sabdio husema nyumba ni nguo ya mwanamke, na hakuna anayeuza nguo aliyoivaa.

Mwenye kulielewa jambo hilo ataelewa pia ubaya aliotendewa na Hiribae.

Hiribae ni mtoto wa Garsen. Alikwenda mjini, akarudi na viatu vinavyometameta na cheo alichojipa mwenyewe cha mratibu wa utamaduni. Mwaka ule wa mafuriko alifika Minjila akiwa na msanifu wa majengo, mtu mpole mwenye utepe wa kupimia, ambaye kila alichokiona alikipiga picha: kibuyu cha maziwa, kigoda, hata mwiko.

"Ni makumbusho, Mama Darmi," Hiribae alisema. "Hoteli ya ufukweni inataka kuwaonyesha watu maisha ya Tana. Watoto wa shule watakuja kujifunza. Jina lako litaandikwa mlangoni."

"Mto umefurika," Sabdio akajibu. "Miyaa yote imelowa. Sina kitu cha kusuka."

"Na ile mikeka iliyokunjwa pale?"

Ile ilikuwa mikeka ya Darmi, binti yake wa pekee, aliyeposwa na Adano. Sabdio alikuwa ameitia mkanda wa miyaa myekundu, rangi aliyoipika mwenyewe kwa magome ya miti, ili popote bintiye atakapohamia watu wajue huyu ni mtoto wa nani. Aliitazama mikeka, akawafikiria watoto wa shule. Alisema moyoni: mingine nitasuka, elimu haisubiri maji yapungue. Akaitoa.

Alipofika hotelini alikuta ukumbi mtupu, saruji haijakauka. Wangemwomba mfano wa nyumba angewajengea mfano, na kuna namna ya kufanya hivyo: mtu huacha mafundo ya juu yakiwa malegevu, wala haombi dua. Lakini Sabdio aliamini anawajengea watoto, akaona haya kuwapa watoto kitu cha uongo. Alikaza kila fundo. Alikaanga buna juu ya jiko la mafundi, akaomba dua peke yake mbele ya wapiga rangi wasioelewa. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Hakuwajengea picha ya nyumba. Aliwajengea nyumba.

Walimlipa, akanunua ndama, ndiye yule mtamba mwekundu. Hakudai zaidi, na hilo lieleweke vyema, kwa sababu waliokuja kumtukana baadaye walisema alitaka fedha.

Miezi ikapita. Mto ulirudi kitandani mwake, miyaa ikakauka, Sabdio akaanza kusuka upya. Ndipo Adano, bwana harusi mtarajiwa, akiwa amekaa kwenye mkahawa wa chai mjini Garsen, alipoonyeshwa tangazo kwenye simu ya rafiki yake. Tangazo lilisifu kasino mpya yenye "roho ya Afrika". Ngoma zililia, taa zikawaka, na nyumba ya Kiorma ikaonekana katikati ya ukumbi. Ndani yake mashine za kamari zilipangwa duara zikimetameta kama macho ya paka. Pembeni mtumbwi wa Kipokomo ulilazwa juu ya matofali, umejaa chupa za pombe. Adano alitaka kurudisha simu. Kisha akauona mkanda mwekundu.

Kesho yake mama yake, Ikran, alifika kwa Sabdio.

"Sabdio, sikuja kunywa chai."

"Basi kaa bila chai."

Ikran alikaa. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, na watu humwogopa zaidi kwa hilo. "Nimeiona nyumba. Wanacheza kamari chini ya mikeka ya mke wa mwanangu. Mlevi anaegemea fundo ulilolifunga kwa bismillahi."

"Nilidanganywa, Ikran."

"Najua. Lakini nzi akiingia kwenye maziwa husemi nzi alinidanganya. Unayamwaga." Akajitanda mtandio upya. "Adano anamtaka Darmi, na mimi namtaka. Ila maadamu nyumba ile bado imesimama, mikono iliyoifunga haitafunga nyumba ya mwanangu. Tafuta mwanamke mwingine wa ukoo wenu."

Hapo pazia lilifunguliwa, akatoka Darmi. Hakuwasalimu kwanza, jambo ambalo mama yake hakulipenda hata katika saa ile.

"Nyumba yangu ikifungwa na mwingine, mimi siolewi."

"Nani amekuita?" Sabdio alimkaripia.

"Jina langu limeniita, mama. Liko huko linachezewa kamari."

Ikran alimtazama msichana, na haikujulikana kama amekasirika au amefurahi. Alipoondoka, Sabdio alimpigia simu Hiribae.

"Mama Darmi!" Hiribae alichangamka. "Umeona? Hiyo ni sifa! Utamaduni wetu umefika kimataifa."

"Hiribae, mama yako bado anasali?"

"Anasali, alhamdulillahi."

"Basi mwambie nyumba mfano wa ile aliyokuzalia wewe imetiwa kamari ndani. Halafu umwambie ni sifa. Uchungulie uso wake, unipigie."

Hiribae hakupiga tena. Sabdio akafunga kamba shingoni mwa yule mtamba, akaenda kutafuta lori la kwenda mnadani pwani.

Ndani ya lori ndimo alimokutana na Buya. Mtumbwi ule wa kwenye tangazo ulikuwa kazi ya mikono yake, nao ulichukuliwa kwa maneno yale yale ya makumbusho na watoto wa shule. Buya si Mwislamu, na glasi ya pombe haimtishi. Kilichomuuma ni kingine.

"Mtumbwi ule ulimvusha mke wangu akiwa na uchungu wa kuzaa," alisema. "Ulimvusha baba yangu akiwa ndani ya sanduku. Sasa unabeba chupa, na wala hauendi popote." Kisha, kwa sababu hakutaka aonekane analia mbele ya Mworma, akamtazama mtamba. "Lakini nyinyi watu wa ng'ombe! Hata kwenye ugomvi mnakwenda na ng'ombe."

"Na nyinyi watu wa mto," Sabdio akamjibu, "mkiitwa kwenye ugomvi mnauliza kwanza kama kuna samaki."

Walicheka. Si siku zote watu wa ng'ombe na watu wa mto wamecheka ndani ya lori moja.

Hivyo ndivyo walivyofika pale mlangoni, mbele ya mlinzi na kibao chake. Sabdio hakurudi nyuma. Alikaa chini, katikati ya njia, juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya wageni. Mtamba naye, ambaye hakuwa amejisaidia tangu asubuhi, akajisaidia. Gari la kwanza likasimama, la pili likapiga honi. Wageni wakashuka, wakamwona mwanamke wa Kiorma ameketi kwa utulivu kando ya ng'ombe mwekundu, wakafurahi kupita kiasi. Simu zikatoka. Mwingine akaja akachutama karibu naye ili apigwe picha. Walidhani ni maonyesho.

Meneja alitoka mbio akiwa na uso wa hasira. Alipoziona simu, hasira ikageuka kuwa tabasamu papo hapo, kama taa inavyowashwa.

"Karibu mama, karibu sana! Kwa nini mnamweka juani huyu?" alimfokea mlinzi. "Wageni wanataka kitu halisi!"

Sabdio akasimama, akachukua kamba mkononi mwa Buya, akamnyooshea meneja.

"Shika."

Meneja alishika, akageukia kamera akicheka.

"Huyu ndiye ujira mlionipa," Sabdio alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilimnunua akiwa ndama mnyonge, namrudisha amenona. Kwetu aliyepokea kamba ya ng'ombe mbele ya watu amekubali mapatano yavunjwe. Umepokea?"

"Nimepokea, nimepokea!" meneja alicheka. Wageni wakapiga makofi.

"Buya, umesikia?"

"Nimesikia mimi, amesikia askari, na ng'ombe mwenyewe amesikia."

Wakaingia.

Ukumbi ule haukufanana na mahali popote chini ya jua. Msanifu alikuwa amezunguka bara zima akichuma kama mtu achumaye embe za jirani. Ngao za Kimasai zilipachikwa juu ya nguzo za mafarao. Vinyago vya Afrika Magharibi vilitolewa macho, vikatiwa taa. Tembo wa saruji alimwaga maji kwa mkonga kwenye kidimbwi chenye mwamba wa plastiki, na gurudumu la kamari lilichorwa mistari ya kanga. Afrika nzima ilitiwa katika sufuria moja na mpishi asiyejua chumvi. Hakuna aliyeulizwa, wala jina la mtu halikuandikwa popote. Hata mlango ambao Sabdio aliahidiwa utaandikwa jina lake ulikuwa na kibao chenye neno moja: BAHATI.

Na ndani ya haya yote, nyumba ya Darmi. Walikuwa wametoboa mikeka kupitisha nyaya. Mkanda mwekundu ulipigiliwa misumari ya taa.

Sabdio alisimama mbele ya mlango. Watu waliokuwapo wanasema alisimama kama mtu aliyemkuta mwanawe barabarani bila nguo. Kisha alivua kandambili, akasema bismillahi, akapeleka mkono juu ya mlango penye fundo la mwisho. Vidole vililitambua. Fundo likaachia.

Wageni walishangilia. Mkeka wa kwanza uliteremka, Buya akaupokea.

"Usiguse fito," Sabdio alimwonya. "Wewe ni mwanamume."

"Mimi hapa ni punda tu, dada. Nipakie."

Mkeka wa pili ukashuka, na wa tatu. Ndani mwanamume mmoja alikuwa akibonyeza mashine yake bila kuinua kichwa, mpaka mwanga ulipomwangukia mgongoni. Aligeuka akitafuta ukuta uliokuwapo. Kicheko kikalipuka ukumbini. Meneja, ambaye alikuwa amemfunga mtamba kwenye mguu wa tembo wa saruji, sasa aliacha kucheka.

"Mama, inatosha. Maonyesho yamekuwa mazuri sana. Sasa rudisha."

"Maonyesho gani? Mimi nahama."

"Askari! Mtoe huyu!"

Alikuja mlinzi yule yule wa mlangoni. Aliwatazama wageni na simu zao, akamtazama Sabdio aliyepanda kigoda cha mcheza kamari, mikono ikiwa kwenye mafundo, na kitu fulani kikamgeuka usoni. Pengine alimkumbuka mtu.

"Bosi," alisema taratibu, "mama amesema nyumba ni yake. Na kamba umeishika wewe mwenyewe."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Fito ziliteremka moja moja, zikalazwa, zikafungwa mzigo. Zilibaki mashine, zimesimama uchi juu ya saruji zikipiga milio yao ya furaha, zikimwita mtu ambaye hakuwapo. Sabdio alivaa kandambili.

"Hii ilikuwa nyumba ya bi harusi," aliwaambia wageni. "Hamkuambiwa, nami siwalaumu. Waliojua ndio ninaowalaumu."

Buya alikwenda kwenye mtumbwi wake. Alishusha chupa zote, moja baada ya nyingine, akaziweka sakafuni bila kuvunja hata moja. Alipotaka kuuinua, hakuweza. Walikuwa wameukaza kwa vyuma na saruji. Aliupapasa mara moja, akabeba mikeka ya Sabdio, wakatoka. Hakusema utani mpaka Minjila.

Mikeka iliogeshwa mtoni, ikaanikwa hadi harufu ya moshi wa sigara ikatoka. Siku ya harusi Ikran alifika mapema. Aliunusa mkeka mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari ndani ya mkanda mwekundu.

"Mvua itapita hapa," alisema.

"Ipite," Sabdio akajibu. "Sitayaziba. Wajukuu wakiuliza, wataambiwa."

Ikran akainama, akashika fito upande wa pili, akamtazama mwenzake machoni. "Funga. Fundo la kwanza ni lako."

Sabdio alifunga. Darmi aliinama akaingia kwake. Buna ikapasuka ndani ya samli.

Hadithi ingeweza kukomea hapo, kama watu wale wangekuwa na haya. Lakini kabla mwezi mwingine haujaandama, hoteli ilitangaza kwamba imejenga nyumba nyingine pale pale, ya makuti ya plastiki, kwa kuiga picha, mkanda mwekundu nao wameuchora kwa rangi. Hiribae alionekana katika tangazo akieleza maana ya rangi ile, maana aliyoitunga mwenyewe. Sabdio hakulia. Aliwakusanya wanawake wa Minjila, akamwita Buya na watu wa Kau, wakakaa pamoja mjini Garsen, wafugaji na wakulima, wakakubaliana maneno. Maneno hayo ndiyo haya, nayo hayahitaji kupambwa.

Nyinyi wenye hoteli ile, na wewe msanifu uliyepita nyumba kwa nyumba na utepe wako: yule mtamba bakini naye, ale majani ya bustani yenu. Ndiye peke yake mliyempata kwa halali. Ile nyumba ya plastiki ibomoeni, na mkanda mwekundu ufuteni, kwa maana ni alama ya mtoto wa watu. Hiribae, rudi Minjila ukaseme mbele ya wanawake uliowadanganya kwamba uliwadanganya. Na huyo mlinzi mliyemfukuza kazi kwa kusema kweli, mrudisheni. Wakati mwingine mkitaka kitu cha Tana, njooni mtuambie mtakitumia kwa nini, mkiambiwa hapana, ondokeni.

Kisha vunjeni ile saruji, mwinue mtumbwi wa Buya, mwurudishe Kau, mwuweke majini, ubebe watu.